Umeme Umefika, Barafu Haijafika

Katika jedwali la tasnifu yangu, kijiji cha mama mdogo ni 1. Safu inaitwa "umeme", na ndani yake kila kijiji cha mwambao wa Mkoa wa Tanga, kuanzia Mkinga mpaka Pangani, kina 1 au 0 kwa kila mwaka. Nguzo zikifika, 0 inageuka kuwa 1. Nilizijaza seli hizo usiku, hosteli, siku tatu mfululizo, na nilipofika kwenye kijiji chake niliandika 1 kwa furaha, kama mtu anayempigia kura ndugu yake.

Desemba nilikwenda kumsalimia. Kijiji kiko upande wa baharini wa barabara ya Tanga kwenda Pangani, ukishapita magofu ya Tongoni. Jina lake nalihifadhi kwa sababu mwenyewe ameniomba. Nilimkuta ukumbini anatoa kanga kwenye friza. Friza kubwa, nyeupe, ya mlango wa juu. Ndani mlikuwa na kanga, vitenge, ndoo ya unga wa muhogo na bahasha ya vyeti vya shule vya wanawe.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Huko chuoni hamli?" Akaona macho yangu yalipo. "Panya hawaingii humu," akasema, kabla sijauliza.

Jioni akataka kujua ninasoma nini hasa, maana kila akiulizwa na majirani hujibu "kompyuta" na roho yake haitulii. Nikafungua kompyuta, nikamwonyesha jedwali. Akauliza kijiji chao kiko wapi hapo. Nikamwekea kidole kwenye mstari. Akasogeza uso karibu na kioo.

"Moja," akasoma. "Moja ya nini?"

Nikamweleza ni alama kwamba kijiji kina umeme. Akaiangalia friza, akaniangalia mimi, akaenda uani kuchochea kuni.

Ile friza aliinunua kwa fedha za kikoba mwaka nguzo zilipofika. Hesabu yake ilikuwa rahisi: agandishe barafu, awauzie wachuuzi wa samaki wanaokuja alfajiri na pikipiki. Ilifanya kazi miezi minne. Ikifika saa moja jioni umeme ulikuwa mdogo, balbu inakuwa nyekundu kama kaa, kompresa inaguna, inanyamaza, inaguna tena. Siku moja ikanyamaza moja kwa moja. Fundi alikuja kutoka mjini, akafungua, akanusa, akasema kompresa imeungua, na bei aliyotaja ilikuwa karibu nusu ya friza yenyewe. Deni la kikoba alilimaliza kwa kukaanga samaki. Kwa kuni.

Makala hii ni ugomvi, na ni vizuri niseme mapema. Nagombana na ile safu ya 1 na 0. Nagombana na sisi tuliofundishwa kuiamini, na wale wanaoipokea kutoka kwetu na kuipeleka kwenye hotuba. Nasema safu hiyo haipimi umeme, na modeli zinazojengwa juu yake hazielezi maendeleo ya mkoa wowote. Zinaeleza safari ya nguzo.

Modeli yangu ni ya kawaida kabisa. Upande mmoja wa alama ya sawasawa kuna fahirisi ya maendeleo ya kijiji: bati, sakafu ya saruji, watoto walioko shule, simu, televisheni, jokofu. Upande wa pili kuna umeme, umbali wa lami, mvua, idadi ya watu. Unabonyeza, programu inakupa namba. Yangu ilikuwa nzuri, chanya, na nyota tatu pembeni. (Nyota tatu kwetu ni kama muhuri wa ofisi, zinasema matokeo haya si ya kubahatisha.) Kwenye semina ya idara watu waliitikia kwa vichwa. Mmoja alisema haya ndiyo matokeo ambayo watunga sera wanaweza kuyatumia, na usiku ule nililala vizuri.

Sasa tazama kilichomo. Friza ya mama mdogo, iliyojaa kanga, imehesabiwa kwenye fahirisi yangu kama mali. Imeipandisha alama kaya yake. Yaani kifaa kilichoharibiwa na umeme kimeingia kwenye modeli kama ushahidi kwamba umeme umeleta maendeleo. Na kosa hili si langu peke yangu. Ile fahirisi ya umaskini wa pande nyingi ambayo UNDP na watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford wamekuwa wakiitoa tangu 2010 ina viashiria kumi, na kimoja kati yake ni kuwa na umeme. Ukichukua fahirisi ya namna hiyo kupima athari za umeme bila kukitoa kiashiria hicho, umepima mchele kwa gunia la mchele huo huo kisha ukashangaa kwamba uzito umelingana.

Halafu lipo swali la mama mdogo: moja ya nini?

Serikali yenyewe imewahi kutoa jibu, ingawa sijui wangapi kati yetu tulilisoma vizuri. Utafiti wa nishati wa mwaka 2019/20, uliofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu pamoja na Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ulitoa namba mbili kwa Tanzania Bara. Namba ya kwanza ni 78.4, asilimia ya watu waliofikiwa na umeme. Ya pili ni 37.7, asilimia ya kaya zilizounganishwa. Rudia kuzisoma. Katikati ya namba hizo mbili kuna watu wanaoishi karibu na miundombinu kiasi cha kuweza kuunganishwa, ambao nyumbani kwao jioni wanawasha kibatari au tochi ya simu. Namba zote mbili zimepanda tangu hapo, lakini ile ya kwanza ndiyo inayopanda jukwaani. Mtu wa 78.4 anaweza kuwa ni mtu anayeuona waya kupitia dirishani.

Leo tunatangaziwa kwamba vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na kazi sasa ni vitongoji. Sitabeza. REA ilipoanza kazi mwaka 2007, kijiji chenye umeme kilikuwa cha kutafuta kwa tochi. Lakini angalia kinachotokea kwenye jedwali langu. Kila mstari umekuwa 1. Kigeu, kama jina lake linavyosema, ni kitu kinachogeuka. Safu ikishakuwa 1 juu mpaka chini, programu yenyewe inaitupa nje ya hesabu, maana haina la kueleza tena. Kwa mujibu wa modeli, suala la umeme mwambao wa Tanga limekwisha. Hakuna cha kuchunguza wala cha kutengea bajeti. Friza zinahifadhi kanga, na takwimu zinasema tumefika.

Kuna jambo la zamani zaidi ambalo safu hiyo hailioni, na kwa mtu wa Tanga kutoliona ni aibu, kwa sababu Tanga ndiyo shule yenyewe ya jambo hilo. Umeme wa maji wa nchi hii una asili yake kwetu. Kituo cha kwanza kwenye maporomoko ya Pangani, karibu na Hale, kilijengwa miaka ya 1930. Kampuni ya Tanganyika Electric Supply, ambayo jina lake la kifupi bado tunalitumia, ilianzishwa mwaka 1931, na mwaka uliofuata hisa zake nyingi zilinunuliwa na East African Power and Lighting ya Nairobi, iliyozishika mpaka 1964 ilipoiuzia serikali. Mwaka huo huo 1964 Hale ikapata kituo chake cha megawati 21. Katikati ya miaka ya 1990 kikaja kituo kipya cha Pangani, megawati 68.

Umeme huo ulikwenda wapi? Ulifuata mkonge, bandari, viwanda na mji. Nguzo hazikupangwa kwa bahati nasibu. Ziliwekwa pale ambapo fedha ilikuwa imeshakaa. Miaka na miaka waya mnene ulipita juu ya watu waliokuwa wakilima muhogo chini yake na hawakuambulia hata balbu. Kwa hiyo ukikuta leo kwamba vijiji vilivyopata umeme mapema vina bati nyingi kuliko vilivyochelewa, usikimbilie kusema umeme umeleta bati. Inawezekana kabisa bati ndizo zilizoita umeme. Kila mwanafunzi wa takwimu anafundishwa mtego huu muhula wa kwanza, na muhula wa tatu, data zikiwa ngumu kupatikana, anausahau.

Waliojaribu kuukwepa wamepata majibu ya kuchanganya, na kuchanganya huko ndiko kunakonivutia. Taryn Dinkelman alichunguza KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, akachapisha mwaka 2011 kwamba umeme ulipofika vijijini wanawake wengi zaidi waliingia kwenye kazi za kipato. Lee, Miguel na Wolfram walifanya jaribio magharibi mwa Kenya, wakazipa baadhi ya kaya punguzo kubwa la kuunganishwa na nyingine wakaziunganisha bure, wakachapisha mwaka 2020 kwamba baada ya mwaka mmoja hadi mitatu hivi hawakuona mabadiliko makubwa ya maisha. Na hapa kwetu, Tanga ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyojengewa laini mpya kwa fedha za Wamarekani kupitia mpango wa Millennium Challenge wa 2008 hadi 2013. Tathmini iliyofuata ilikuta kaya zilizojiunga ni chache kuliko zilizotarajiwa. Laini ilipita, watu wakaitazama.

Watu wa semina huzisoma tafiti hizi kama mechi: nani kashinda, umeme unasaidia au hausaidii? Swali ni bovu, kwa sababu kilichoitwa umeme hakikuwa kitu kimoja. Wanawake wa KwaZulu-Natal waliacha kwa kiasi fulani kupikia kuni. Muda uliokuwa ukiishia porini ukarudi mikononi mwao, na sehemu kubwa ya athari ilipita humo, jikoni. Sasa njoo Tanzania, ambako karibu kaya tisa kati ya kumi zilikuwa bado zinapikia kuni na mkaa wakati wa ule utafiti wa 2019/20. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ifikapo 2034, na haungehitajika kama 1 yangu ingekuwa na maana ninayodai inayo. Mama mdogo ana umeme na anapika kwa kuni. Kwenye jedwali yeye na mwanamke wa KwaZulu-Natal aliyepata jiko la umeme wana namba ileile.

Ushahidi ulionigeuza hasa uko ng'ambo ya maji, Unguja. Mei 2008 umeme unaotoka bara ulikatika kisiwa kizima, ukakaa karibu mwezi mzima bila kurudi. Mtafiti mmoja, Alfredo Burlando, alichukua kumbukumbu za wodi ya wazazi na taarifa za ajira. Aliona kwamba wale ambao kazi zao zinategemea umeme walipoteza saa za kazi na kipato. Kisha akaona jambo la kuumiza: watoto waliokuwa tumboni wakati wa giza lile walizaliwa na uzito mdogo. Alikisia kwamba kipato kilichopotea kiligusa sahani ya mama mjamzito. Mwezi mmoja tu wa waya uliokufa, na alama yake ikasomeka kwenye mizani ya wodi.

Kwenye jedwali la aina ya langu, Unguja mwaka 2008 ni 1. Ilikuwa 1 Aprili, ikabaki 1 Juni. Hata giza la pili, lililoanza Desemba 2009 na kuendelea mpaka Machi 2010, halibadilishi kitu: 1, 1, 1. Janga ambalo mkunga aliliona kwa macho, modeli haina hata seli ya kuliwekea. (Pemba nayo, mwaka 2010, iliunganishwa kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, ikapumzika na majenereta ya dizeli. Tunawatumia wenzetu umeme kupitia maji ya chumvi, jambo ninalolionea fahari, na bado ninajiuliza nani anahesabu saa zake.)

Ngoja nirudi pwani, kwa sababu ninataka uelewe barafu, na nina shaka kama wengi wetu tuliosomea uchumi tumewahi kuielewa.

Mvuvi wa dagaa haendi baharini kila usiku. Anafuata mwezi. Usiku wa mbalamwezi mwanga wa taa yake unapotea na dagaa hawakusanyiki, kwa hiyo hukaa nchi kavu akishona nyavu. Usiku wa giza ndio wa kazi. Enzi za babu zetu walitumia karabai, siku hizi taa za betri, na ukisimama ufukweni wakati huo utaona mstari wa taa baharini kama mji mwingine, huku nyuma yako kijiji chenye 1 kimezimika. Satelaiti ya Suomi NPP, iliyorushwa mwaka 2011, ambayo wanafunzi wengi tunaitumia kupima umeme kwa kuangalia mwanga wa usiku, huziona hata taa za namna hiyo majini. Nasi tukipata picha zake kitu cha kwanza tunachofanya ni kuifuta bahari ili isituchafulie hesabu.

Basi dagaa na samaki wengine huja kwa marundo, siku kadhaa za giza, halafu kimya. Alfajiri vyombo vinaingia, mnada unaanza ufukweni. Mwenye barafu anaweza kusubiri. Mwenye deli tupu hawezi, kwa sababu ikifika saa nne jua limekuwa kali, macho ya samaki yameanza kubadilika rangi, na mchuuzi aliyekuja na barafu yake kutoka mjini anajua hilo kuliko wewe. Anakaa kivulini. Anapiga simu ambazo si za lazima. Bei inajishusha yenyewe. Samaki wasionunuliwa wanaingia kwenye karai la mafuta, dagaa wanachemshwa na kuanikwa, kuni zinatoka msituni na nyingine, wacha tuseme ukweli, zinatoka kwenye mikoko ambamo hao hao samaki huzaliana. Ukitaka kuona maendeleo endelevu yakirudi kinyumenyume, simama hapo saa nne asubuhi.

Sasa nieleze: katika hali hiyo, umeme ukikatika usiku wa mbalamwezi, hasara ni nini? Mechi ya mpira imekosekana. Ukikatika usiku mmoja wa giza, samaki wakiwa njiani, hasara ni mauzo ya siku nyingi. Saa sita za kukatika si sawa na saa sita nyingine. Hata wastani wa mwaka, ambao wahandisi wanao na ni bora mara mia kuliko 1 na 0 yangu, hauwezi kuona tofauti hiyo. Inaonekana kwenye kalenda ya mwezi tu, na kalenda hiyo anayo mama mdogo, mimi sina.

Tena kuna suala la njia. Laini iliyofika kijijini ni ya njia moja. Inatosha balbu, simu, televisheni, feni. Mashine ya barafu ya maana, au mashine kubwa ya kusaga, inataka umeme wa njia tatu, na huo umeishia barabara kuu. Kijana mmoja pale alikopa akanunua mota kubwa ya kusagia kabla hajauliza. Ipo nyuma ya nyumba yake, imefunikwa turubai. Kuku wanalala juu yake.

Mtu anaweza kusema haya ni mambo madogo ya kiufundi, modeli haziwezi kubeba kila kitu. Nisingebisha kama nisingekuwa mtoto wa Tanga, na nisingekuwa nimekwenda Chongoleani.

Chongoleani, kaskazini kidogo ya mji, ndiko linakoishia bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda. Urefu wake ni kilomita 1,443, na jiwe la msingi liliwekwa hapo mwaka 2017. Wengine wamelibishania bomba hilo vya kutosha, kwa hoja nzito, nami leo siligusi ila kwa jambo moja. Mafuta ya Uganda yana nta. Yakipoa yanaganda. Kwa hiyo bomba limesanifiwa kupashwa joto kwa umeme njia nzima, mafuta yabaki kwenye nyuzijoto 50 hivi, mchana na usiku, kutoka Ziwa Albert mpaka Bahari ya Hindi.

Hakuna mhandisi aliyeliandikia bomba lile 1. Hakuna aliyesema bomba limefikiwa na umeme kwa sababu nguzo imepita karibu nalo. Waliuliza: joto gani, saa ngapi, umeme ukiyumba itakuwaje, na ukikatika mbadala ni upi? Maswali hayo yote yanawezekana kuulizwa na kujibiwa, katika mkoa huu huu, kwa mwambao huu huu. Tunajua kupima umeme kwa saa na kwa nguvu pale mtumiaji akiwa mafuta. Akiwa mwanamke mwenye friza tunapima kwa ndiyo na hapana.

Na wala si kwamba kipimo bora hakijabuniwa. Tangu 2015 Benki ya Dunia ina mfumo wa madaraja kuanzia 0 mpaka 5. Daraja la kwanza ni saa nne tu za umeme kwa siku, kiasi cha taa na simu. La tano ni angalau saa 23, tena umeme usioharibu vifaa. Kijiji cha mama mdogo kingekaa mahali fulani katikati, na mahali hapo pangekuwa na maana. Januari 2025 wakuu wa nchi walikutana Dar es Salaam kuahidi umeme kwa Waafrika milioni 300 ifikapo 2030. Ningependa kujua ni wa daraja lipi. Nimesikiliza hotuba nyingi za mkutano ule, na namba niliyoisikia ikirudiwa ilikuwa milioni 300.

Msimamizi wangu, mtu ninayemheshimu na ambaye amenifundisha karibu kila ninachokijua, aliniuliza swali moja nilipompelekea malalamiko haya: "Kabla ya nguzo palikuwa na nini?" Alitaka nikiri, na ninakiri. Palikuwa na kibatari. Mjukuu wa jirani alizaliwa zahanati kwa mwanga wa taa halisi, mama yake alizaliwa kwa tochi. Chaji ya simu ilikuwa safari. Ada ya kuunganishwa ya shilingi 27,000 vijijini ilifungua milango iliyokuwa imefungwa kwa kizazi kizima, ingawa gharama ya kufunga waya ndani ya nyumba imewaacha wengi nje. Sisemi nguzo zing'olewe. Nasema tusizihesabu mara mbili: mara ya kwanza kama nguzo, ambayo ni haki, na mara ya pili kama maendeleo.

Hoja yake ya pili ilikuwa nzito zaidi: data. Data za 1 na 0 zipo, za saa hazipo. Hapa sikubali. Kila mita ya LUKU ina historia ya uniti zilizonunuliwa, na kijiji ambacho watu hununua uniti za kuwashia balbu tu kinajieleza chenyewe. Kukatika kwa laini kunaandikwa mahali, maana kuna mtu hupigiwa simu aende kurudisha. Data zipo, ila hazijaombwa na watu kama mimi, kwa sababu 1 ni rahisi na inapata nyota tatu. Na tusijifiche nyuma ya uhaba wa uzalishaji pia. Bwawa la Julius Nyerere limejengwa kuzalisha megawati 2,115, ambazo ni Hale zaidi ya mia moja. Kinachobaki ni kilomita za mwisho, transfoma na njia ya tatu, vitu ambavyo haviombewi bajeti kwa sababu kwenye majedwali yetu havina safu.

Nimeitoa safu yangu. Nyota zimeondoka nayo. Sura ya nne ya tasnifu sasa ina shimo, na msomaji wa ndani ameshaandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba matokeo ya awali yalikuwa na nguvu zaidi, niyarejeshe. Nina mpaka mwisho wa muhula kuamua. Mkopo wa masomo hausubiri, na kwetu nyumbani wanauliza mahafali ni lini.

Januari nilimwomba mama mdogo anisaidie. Nilimpa daftari la shule nikamchorea safu mbili: umekatika saa ngapi, umerudi saa ngapi. Nilipolifuata mwishoni mwa Februari nilikuta kurasa zimejaa, mwandiko umelala vizuri, na safu ya tatu ambayo sikuichora mimi. Ameipigia mstari kwa ubao wa kukunia nazi, unaona umepinda. Juu yake ameandika "mwezi", na kila siku chini yake ni *giza* au *mbala*.

Wiki iliyopita nimerudi na madaftari mengine kumi na mbili, yana safu tatu tayari. Tuligawa ufukweni, mnada ulipokwisha, kwa wanawake wa karai na wawili wenye maduka. Mmoja, mtu mzima kuliko wote, alilipindua lake nyuma na mbele, akauliza kama kuna posho.

Nikamwambia, "Hapana, bibi. Hakuna."

Akaguna. Akaomba kalamu.